Gari Kuukuu na Wajibu wa Aliyeliunda

Mnamo Novemba 1990, polisi wa jimbo la Hyogo nchini Japani walivamia kisiwa kidogo cha Teshima, kilicho chini ya jimbo jirani la Kagawa, na kufanya upekuzi. Kampuni iliyomiliki eneo hilo ilikuwa na kibali cha kufuga minyoo ya ardhini. Walichokikuta polisi hakikuwa minyoo, bali vilima vya mabaki ya magari yaliyosagwa: sponji za viti, plastiki, mpira na nyaya, vyote vimelowa mafuta. Wananchi wa kisiwa walikuwa wamelipinga jambo hilo tangu miaka ya 1970. Wakuu wa jimbo lao waliambiwa kuwa ile ni mali, si taka, nao wakaridhika. Askari aliyewahi kukagua lori usiku ameyasikia maneno ya namna hiyo.

Kuondoa uchafu huo kuliendelea hadi mwaka 2017, na uzito wake ulizidi tani 900,000.

Kisa hiki yafaa kikumbukwe kila viwanda vinapojisifu kwamba gari lote hutumika tena. Chuma hakikosi mnunuzi. Taabu i katika kile ambacho mwenye skrepa hakitaki. Ndiyo maana Japani ilitunga sheria mwaka 2002, ikaanza kutumika Januari 2005, ikiwabebesha waundaji wa magari mizigo mitatu: gesi ya mtambo wa kupoza hewa, mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali, na vumbi la magari yaliyosagwa. Waundaji waligawanyika makundi mawili ili kulishughulikia vumbi hilo, Toyota na Honda upande mmoja, Nissan, Mazda na Mitsubishi upande wa pili. Gharama hulipwa na mwenye gari mapema, yapata yeni 10,000 kwa gari dogo, na fedha hizo huwekwa amana hadi siku gari litakapokufa. Sheria iliwataka waokoe asilimia 70 ya vumbi ifikapo 2015, wamekwisha kuipita. Hayo ni mafanikio ya kweli.

Lakini gari likiuzwa nje ya Japani, aliyelisafirisha huweza kudai amana ile, naye hurudishiwa. Hakuna wizi hapo; sheria yenyewe yasema hivyo. Kwa hiyo gari hushuka Mombasa na kupanda hadi Malaba bila senti moja ya mazishi yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na kama asilimia 40 yalikuja Afrika. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Sheria hiyo hutazama umri wa gari mpakani, haitazami kifo chake.

Si kwamba sisi hatujui kutumia tena. Mafundi wa Kisekka na Katwe, mjini Kampala, wangeweza kuwafundisha wahandisi wengi: injini moja ya Hiace huhama kutoka bodi hadi bodi. Ila fundi naye, sawa na mwenye skrepa, huchukua kinachouzika.

Kilichobaki mara nyingi huishia katika ua wa kituo cha polisi, pamoja na magari ya ajali yanayongoja kesi. Mfuko wa hewa ambao haukufumka bado una baruti yake ndani ya usukani. Betri ina risasi na asidi. Huko Japani muundaji hulipia kazi ya kuufyatua mfuko huo kwa usalama. Hapa koplo wa zamu ndiye huwafukuza watoto wanaochezea mabaki hayo.

Majeshi na polisi wa kanda hii hununua pia magari mapya, tena kwa makumi, kutoka kwa mawakala wa viwanda hivyo hivyo. Katika ununuzi huo hakuna dalali wa kati wa kulaumiwa. Sharti la kulichukua tena gari bovu, pamoja na betri na mifuko yake ya hewa, laweza kuandikwa katika mkataba kabla ya saini, wakati muuzaji angali anahitaji fedha zetu.