Haramu Haibaki Uwanja wa Ndege



Kijana mwenzangu, leo si serikali tunayoisema, wala si polisi. Leo ni wewe.

Juzi nilipanda ndege ya kimataifa pale Nairobi. Mbele yangu alikaa kijana wa kwetu Pwani. Kule chini nilimuona akiagwa: kofia ya vito kichwani, mama analia, mzee anamsomea dua. Mashallah. Ndege ikapaa, taa ya mikanda ikazimwa, toroli likaja. Kijana akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaitisha waini nyekundu. Ilipoisha akaongeza.

Sikumpiga picha wala sikumrekodi, na jina lake hulipati hapa. Kumwanika Mwislamu mwenzako ni dhambi nyingine. Lakini sababu zake nazijua, maana nishazisikia kwa wengi, hata kwa nyinyi mnaotufuata. Hebu tuzijibu.

Ati ni ya bure, ishalipiwa kwenye tiketi. Aya ya 90 ya Suratul Maida iliposema tujiepushe na ulevi haikuuliza nani amelipa. Na ile hadithi ya Tirmidhi ya watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, wamo mnywaji na muuzaji, na yumo pia yule anayenunuliwa. Sasa bure yako iko wapi?

Ati niko safarini, kuna ruhusa. Naam, dini imekupa ruhusa. Adhuhuri unaswali rakaa mbili. Unachanganya na Alasiri. Ramadhani unafungua na kulipa baadaye. Ruhusa hizo zinajulikana, na waini haimo. Ukisema ni dharura, maji yako kwenye toroli hilo hilo!

Ati huko juu hakuna wa kuniona. Ndugu yangu, hata wanadamu hawakuiacha anga bila sheria. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unasema kosa likitendeka ndani ya ndege, nchi iliyoisajili ina mamlaka juu yake. Serikali za dunia zimekataa futi 35,000 ziwe shamba lisilo na mwenyewe, wewe ndio udhani Mola wako anakoma kuona mawingu yakianza?

Ati hata ndege za Waarabu zinatoa. Kweli, Emirates na Qatar Airways wanatoa. Saudia, Kuwait Airways na Royal Brunei hawatoi, na abiria wao wanafika salama. Lakini hata zote zingetoa, shirika la ndege ni biashara, si mufti. Tangu lini halali na haramu zikatoka kwa mhudumu mwenye toroli?

Ati kidogo tu, nipate usingizi. Hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mlimani, mita 2,000 na zaidi, na ni kavu. Mwaka 2024 watafiti Ujerumani walilaza watu katika hewa kama hiyo baada ya kunywa: oksijeni ya damu ilishuka na moyo ukaenda mbio. Lakini hata ingekuwa dawa ya usingizi, hatuiachi kwa sababu ya watafiti. Tunaiacha kwa sababu tumeambiwa tuiache.

Sasa nisikize vizuri. Sisi tunadai haki. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asilazimishwe kufanya jambo linalopingana na dini yake. Kesi ya hijabu ya shule ya Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2019. Marekani mwaka 2015, mhudumu wa ndege aliyekuwa amesilimu alisimamishwa kazi kwa kukataa kugawa pombe. Dada yule aliuweka mshahara wake hatarini ili asiishike chupa. Wewe hakuna aliyekulazimisha, hakuna wa kukufuta kazi, na bado unanyoosha mkono. Tukisimama kesho kudai imani yetu iheshimiwe, tutamwambia nani, ikiwa sisi wenyewe tunaikunja na kuitia mfukoni?

La kufanya ni jepesi. Agiza chakula cha Waislamu mapema, angalau saa 24 kabla. Kwenye tiketi kinaandikwa MOML. Toroli likija sema: hapana, nipe juisi. Usiombe radhi, usijielezee. Aliye kando yako akilewa na kukusumbua, muombe mhudumu akuhamishe kiti. Ukiwa safari ya kazi na bosi anataka mgonganishe glasi, yako iwe na maji. Atakayekuheshimu atakuheshimu na maji yako.

Na wewe uliyekwisha kunywa, usikate tamaa. Hatukuhitaji uje kutuambia. Tubu kwa Mola wako hapo hapo kwenye kiti, maana dua ya msafiri ni katika dua zinazojibiwa. Ni hasara ilioje kuipoteza saa hiyo na glasi mkononi.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utatua, utamkuta mama anakungoja. Rudi na kofia yako kichwani.

Una ndugu anayesafiri wiki hii? Mtumie hii kabla hajapanda.