Samaki wa soko la Luberizi: tuulize kwanza maji

Pikipiki zinatoka Uvira asubuhi mapema, zinafuata barabara ya taifa namba 5, zikipeleka ndagala na mikebuka wa ziwa Tanganyika kwenye masoko ya bonde la Ruzizi, Luberizi likiwemo. Barafu ni adimu na jua la bonde ni kali. Ili samaki aonekane bado mbichi, anamwagiwa maji. Maji hayo yametoka wapi?

Kolera si mgeni kwetu. Watafiti walichunguza hesabu za wagonjwa wa Uvira kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kolera waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Bomba likikauka, watu wanarudi ziwani na mitoni. Na maji hayo hayo ndiyo yanaosha samaki, kisu na mikono.

Wengine watasema moto unaua kidudu cha kolera. Ni kweli. Lakini kabla ya kufika jikoni, samaki amepita kwenye beseni na kwenye ubao ule ule utakaokatiwa nyanya mbichi. Na ndagala aliyeanikwa mchangani, penye kupita mbuzi na kuku, anaweza kubeba salmonela, bakteria inayovumilia hata ukavu.

Tusiwalaumu wamama wauzaji. Wao ndio wa kwanza kupata hasara samaki akioza, na hakuna anayeweza kunawa mikono kwa bomba lisilokuwepo.

Mwisho wa mwaka 1997, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kolera. Nchi hizo zililazimika kukaza ukaguzi, maana mnunuzi wa mbali alikuwa na nguvu ya kufunga mlango. Mlaji wa Luberizi hana mlango wa kufunga. Nani atamtetea?

Dawa yake si ya ajabu. Muuzaji analipa kodi ya soko: kodi hiyo imrudie kwanza kama bomba la maji safi na choo, kabla ya matumizi mengine. Pale bomba lisipofika, maji ya kuoshea samaki yatiwe klori. Ndagala waanikwe juu ya chanja za waya, kama wanavyofanya baadhi ya majirani zetu wa Burundi: upepo unapita juu na chini, samaki wanakauka haraka, hawana mchanga, na bei inapanda.

Viongozi wanajua kuhesabu wagonjwa kolera inapolipuka. Tunawaomba wahesabu pia mabomba ya sokoni, kabla haijalipuka tena.