Onyesho la Uwanjani na Onyesho la Mkanda

Kila mwaka, katika siku za kwanza za mwezi wa Agosti, wakulima wa Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam hukusanyika katika Uwanja wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mjini Morogoro, kwa ajili ya Maonyesho ya Nane Nane. Atembeaye kati ya mabanda huona namna mbili za kuonyesha. Hapa fundi huwasha mashine ya kukoboa mpunga, akamimina mpunga, na watu wakapokea mchele viganjani ili watazame chenga zake. Pale imetundikwa runinga pana, ambamo mashine ya aina hiyohiyo hukoboa kutwa nzima pasipo kukwama hata mara moja, huku muziki ukipigwa. Na kijana aliyewekwa kugawa vipeperushi hana jibu anapoulizwa mashine hiyo hula dizeli kiasi gani.

Namna hii ya pili yazidi kupendwa. Wanaoitetea husema kuwa ni nafuu, haina vumbi, na kwamba filamu iliyokwisha kurekodiwa yaweza kupelekwa kwa intaneti hadi kijiji chochote chenye simu. Hayo yote ni kweli. Lakini swali la mwanasayansi si jinsi habari ilivyofika tu, bali ni nini kilichothibitishwa ilipofika.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa kiwango kikubwa katika biashara ambayo wanafunzi wengi huijua kuliko walimu wao, nayo ni ile ya michezo ya video. Tangu mwaka 1995 watengenezaji wa michezo hiyo walikutana karibu kila mwaka nchini Marekani, mara nyingi mjini Los Angeles, katika maonyesho yaliyoitwa kwa kifupi E3. Mwaka 2010 Shigeru Miyamoto, mbunifu mashuhuri wa kampuni ya Nintendo ya Japani, alisimama jukwaani kuonyesha mchezo mpya wa Zelda, na upanga uliokuwa katika kioo ukakataa kufuata mwendo wa mkono wake. Ikaelezwa kuwa mawimbi ya vyombo vingine vilivyokuwamo ukumbini yaliingilia kati. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilianza kutangaza bidhaa zake kwa filamu zilizotayarishwa kabla na kutolewa mtandaoni, na mwaka 2013 ikaacha mkutano wake mkubwa wa jukwaani katika E3. Si lazima ajali ile iwe ndiyo sababu. Baadaye kampuni nyingine nazo zilifuata njia hiyo. Ugonjwa wa Korona ukavunja mkutano wa mwaka 2020, na mwezi Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba E3 imekwisha kabisa.

Linganisha ajali hiyo na filamu ya mchezo wa Killzone 2 iliyoonyeshwa na kampuni ya Sony mwaka 2005 katika maonyesho hayohayo. Watazamaji wengi waliamini kuwa wanauona mchezo wenyewe ukichezwa. Baadaye ilijulikana kwamba picha zile zilitengenezwa kabla, kuonyesha kile ambacho watengenezaji walitarajia kukifikia. Filamu haikukwama popote, kwa kuwa hapakuwapo na kitu cha kukwama. Upanga wa Miyamoto ulikwama, na kwa kukwama kwake ukafundisha jambo la kweli juu ya chombo kinachotegemea mawimbi katika ukumbi uliojaa vyombo vya namna hiyo.

Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Onyesho la uwanjani laweza kushindwa, na kwa sababu laweza kushindwa, kufaulu kwake kuna maana. Filamu iliyochaguliwa kati ya majaribio kumi yaweza kuwa ni ya jaribio moja lililofaulu, na mtazamaji hana njia ya kuyajua yale tisa. Ndiyo maana wanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, iliyoanzishwa mwaka 1660, walitaka majaribio yafanyike mbele ya macho yao, wakachagua kaulimbiu ya Kilatini yenye maana ya kutolikubali neno la mtu yeyote kwa kuambiwa tu.

Milima ya Uluguru, ambayo huutazama mji wa Morogoro kutoka juu, inao ushahidi wake kuhusu matangazo yaliyokwisha kukamilika kabla hayajafika. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, kwa nia ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia hiyo haikuwa mbaya, maana miteremko ni mikali na mvua ni nyingi. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Lakini mahali ambapo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, kuchimba ngazi huufukia ule wa juu na kuutoa nje ule wa chini usio na chakula cha mmea. Mkulima alifanya kazi nzito, kisha akavuna haba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka huko Matombo, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako mboga zililimwa kwa ajili ya soko, matuta yalikubalika zaidi. Ngazi ni zilezile. Udongo, zao na faida ndivyo vilivyotofautiana. Picha nzuri ya tuta la Mgeta isingeweza kumwambia mtu wa Matombo lolote juu ya shamba lake. Kilichohitajika ni tuta moja la majaribio katika mteremko wake mwenyewe, lipandwe na livunwe mbele yake, naye awe na ruhusa ya kusema halikufaa.

Hata hivyo haifai kuidharau rekodi. Kijiji kilichoko juu mlimani hakiwezi kuhamia uwanjani kila Agosti, na kuna mambo, kama kugawanyika kwa seli, ambayo darasa zima haliwezi kuyaona kwa hadubini moja. Yafaa kukumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa muda wa wiki 12 vipindi vya redio viliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania. Lakini watu hao hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Sauti ilitoka mbali. Maswali yalikuwa ya papo hapo. Mashabiki wa runinga za mabandani wangefanya vema kuichunguza kampeni hiyo kabla ya kununua runinga nyingine.

Mfano ulio bora zaidi upo Morogoro kwenyewe, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya Magawa, aliyezaliwa huko, aligundua nchini Kambodia zaidi ya mabomu na vitu vya milipuko 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza, PDSA, na filamu zake zikaenea duniani. Ni filamu za kupendeza. Lakini hakuna mtegua mabomu ambaye angekanyaga ardhi kwa kuitegemea filamu. Panya hupimwa katika uwanja ambamo mabomu yasiyolipuka yamefukiwa, na anayemwongoza hajui yako wapi, hivyo hawezi kumsaidia hata kwa kuvuta kamba bila kukusudia. Akifika nchi atakayofanyia kazi hupimwa upya, kwa maana udongo na hali ya hewa vimebadilika. Laiti matuta ya Matombo yangalipimwa hivyo.

Shuleni hatari ni ileile. Mwalimu asiye na maabara huvutwa kuwaonyesha wanafunzi filamu ya jani lililochemshwa, likatolewa ukijani kwa spiriti, kisha likatiwa iodini na kugeuka bluu-nyeusi. Katika filamu hugeuka kila mara. Darasani, kwa jani la mchicha lililochumwa nje ya dirisha, mara nyingine hubaki kahawia, na hapo ndipo somo huanza. Je, mmea ulikuwa kivulini tangu jana? Spiriti ilitolewa upesi mno? Iodini ni ya zamani? Mwanafunzi aliyeitazama filamu kwanza ataweza kuuliza maswali hayo kwa ufasaha zaidi, na hiyo ndiyo kazi halali ya filamu. Anachohitaji baada ya hapo ni jani la pili, lililokaa juani tangu asubuhi, na dakika 20 za kujaribu tena. Hivyo vyote shule ya Kinole au ya Mgeta inavyo, hata ile isiyo na umeme, mradi tu iwe na chupa ya spiriti, matone machache ya iodini, na chungu cha maji ya moto cha kuipashia spiriti ili isiguswe na mwali wa moto.