Gramu 249 Si Kibali: Droni ya Kwanza kwa Mtu wa Gitothua

Haya jamani, leo naweka kando mambo ya kutunga programu tuzungumze kuhusu droni. (Ndugu zetu Watanzania wana jina tamu zaidi, ndege nyuki, na ukiisikia ikivuma juu ya kichwa chako utajua kwa nini.) Tangu nianze kurusha kale kangu, vijana wa hapa Gitothua hawanipi nafasi. Swali ni lile lile: "Boss, ninunue gani ya bei nafuu?" Na kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshajijibu mwenyewe: "Bora iwe chini ya gramu 250, si hiyo haihitaji karatasi?"

Hapo ndipo tunapokosana. Huyo kijana amekaa YouTube wiki nzima akisikiliza Mmarekani akieleza sheria za Marekani, na sasa anataka kuzitumia Ruiru!

Hebu kwanza tuone hii namba ilitoka wapi. Mwaka 2015, shirika la usafiri wa anga la Marekani, FAA, lilianza kudai droni zisajiliwe, likaweka mstari kwenye gramu 250. Anayerusha kwa kujifurahisha, na chombo chake hakifikishi uzito huo, aliachwa. Ulaya nao wakaja kuutumia mstari huo huo kupanga madaraja yao. Basi DJI, kampuni ya Wachina inayotawala soko hili, ikafanya kile ambacho mtunga programu yeyote angefanya akipewa sharti la namna hiyo: ikasimama hatua moja kabla ya mstari. Mavic Mini ilipotoka mwishoni mwa 2019 ilikuwa na gramu 249. Ile ya kuuzwa Japani ilikuwa na gramu 199. Kwa nini? Kwa sababu mstari wa Japani wakati huo ulikuwa 200! Kwa hiyo 249 si namba ya kisayansi. Ni jibu la swali lililoulizwa na sheria ya nchi nyingine.

Na Kenya je? Sisi tumepita njia yetu wenyewe, yenye mashimo. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba hakuna kurusha bila idhini, kanuni za 2017 zikakataliwa bungeni, na hatimaye zikaja kanuni za 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kanuni hizo zinagawa urushaji katika makundi matatu, A, B na C, kulingana na hatari ya kazi unayotaka kufanya. Hazikugawa kwa kilo. Droni yako ya kamera, iwe na gramu 249 au kilo tatu, inatakiwa kusajiliwa, na mwenyewe uwe umefikisha miaka 18. Tena kuna jambo ambalo wengi wanaligundua wakiwa wamechelewa: kuiingiza nchini kunahitaji kibali chake, kinachotafutwa kabla mzigo haujafika.

Rafiki yangu mmoja alitumiwa zawadi na dadake anayefanya kazi Ghuba. Dada alinunua kwa upendo, akaifunga vizuri katikati ya nguo, akampa mtu anayekuja nyumbani likizo. Ilishikiliwa ilipoingia kwa sababu haikuwa na kibali. Mpaka leo rafiki yangu ana betri mbili za akiba na begi zuri la kubebea, droni yenyewe hana. Kwa hiyo ukiniuliza ya bei nafuu ni ipi, jibu langu la kwanza halina jina la modeli. Ni ile ambayo tayari iko nchini, na anayekuuzia anaweza kukuonyesha karatasi za kuingizwa zenye namba ile ile iliyo kwenye mwili wa droni. Akianza kusema "usijali, hizo ni vitu ndogo", mshukuru upande matatu urudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe, maana nami nina dhambi zangu.

Ya kwanza kabisa niliinunua Nairobi kwa elfu sita, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kwenye boksi waliandika 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa. Nikafika nyumbani, nikarekodi, nikahamisha faili kwenye tarakilishi. Picha ilikuwa kama imepakwa mafuta ya kupikia. Nikachunguza picha zilivyokuwa zikitoka kwenye kamera: 1280 kwa 720. Piga hesabu: hizo ni nukta 921,600. 4K ya kweli ni 3840 kwa 2160, yaani nukta 8,294,400. Ni mara tisa kamili. Maana yake katika kila nukta tisa nilizoziona, moja ililetwa na kamera na nane zilibuniwa na programu. Mimi natunga programu ili nile, najua uwezo wake, lakini programu haiwezi kuona kitu ambacho kamera haikukiona.

Hata hivyo picha mbaya haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa upepo. Droni hiyo haikuwa na GPS, kwa hiyo haikujua iko wapi duniani. Yenye GPS ukiachilia vidole inasimama pale pale hewani. Upepo ukiisukuma, inajirudisha. Ile yangu ukiachilia vidole inakwenda unakokwenda upepo, kama karatasi ya nailoni. Siku ya tatu iliondoka juu ya ploti yetu, ikavuka kamba za nguo, ikatua kwenye paa la jirani kwa kishindo. Mama mwenye nyumba akatoka.

"Wewe kijana, hiyo kitu yako ilikuwa inanichungulia?"

"Hapana mama, ilinishinda. Pole sana."

"Na kama ingemwangukia huyu mtoto?"

Mtoto alikuwa amekaa karibu na ndoo, pengine miaka mitatu. Sikuwa na jibu. Nilipewa droni yangu ikiwa na propela mbili, nikarudi nyumbani nikiwa mdogo kuliko yule mtoto.

Jioni hiyo nilifanya hesabu ambayo sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote. Kitu cha gramu 249 kikianguka kutoka mita 30 kinafika chini na nishati ya karibu jouli 73. (Hewa inapunguza kidogo, lakini tuwe wakali.) Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, ipandishe mita tatu na nusu na ushee, sawa na baraza ya ghorofa ya kwanza, kisha iachilie: ni jouli zile zile. Droni ya gramu 135 kutoka mita hizo 30 inatoa karibu 40. Mavic Air 2 yenye gramu 570 inafika 168. Hapo ndipo uzito unapokuwa na maana kwangu. KCAA hawatakusamehe kwa sababu ya wepesi, lakini kichwa cha mtoto wa jirani kinajua tofauti.

Na msidhani nyepesi ni lazima iwe ya kuchezea. Mradi wa kupiga ramani visiwa vya Unguja na Pemba, ulioanza 2016, ulitumia eBee, vindege vya mabawa visivyofika kilo moja, na vijana wa huko huko walifunzwa kuvirusha.

Basi ninunue ipi? Kwa anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kushika rimoti, mimi naona DJI Neo iliyotoka Septemba 2024 ndiyo mwalimu mpole. Gramu 135, propela zimezungushiwa kinga, inapaa kutoka kiganjani. Ilipotoka ilikuwa dola 199, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 ni karibu 25,700, ingawa dukani kwetu usitegemee kuipata kwa bei hiyo. Ina kasoro: kamera yake inasawazishwa kwa mota upande mmoja tu, juu na chini, na mengine yote hufanywa na programu kwa kukata kingo za picha. Betri unaahidiwa dakika 18. Upepo wa mchana wa Julai unaitikisa.

Anayetaka picha za kuuza, za harusi, za mashamba, za wale wanaojenga huku kwetu kila siku, apande ngazi moja: Mini 4K, ya Aprili 2024, au ndugu yake mkubwa Mini 2 SE ya mwaka uliotangulia, hata mtumba. Hizi kamera yake imening'inizwa kwenye mota tatu, kwa hiyo droni ikiyumba picha inatulia, na hicho ndicho kitu kimoja ambacho sitakubali mtu akipunguze ili kuokoa pesa. Mini 2 SE inaishia 2.7K, nami nasema 2.7K ya kweli inaipiga 4K ya boksi langu mchana kweupe. Dakika 31 wanazoahidi hupimwa bila upepo. Ruiru tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, propela zinafanya kazi zaidi. Mimi nikifika dakika 20 naanza kushusha.

Kwa wenzangu wa programu kuna Tello ya 2018, gramu 80. Haiko tena sokoni, ila mitumba ipo. Kamera yake si ya kujivunia, lakini inapokea maneno ya kawaida kupitia Wi-Fi: unatuma neno "takeoff" inapaa, "land" inatua. Nilijifunzia ndani ya nyumba kwa mistari kumi ya Python, nikavunja kikombe kimoja. Sijutii kikombe.

Lakini kuna hesabu moja ya mwisho, na hii ndiyo inayowaudhi watu. Kanuni zinataka usipite futi 400 kwenda juu, na ukae angalau mita 50 kutoka kwa watu, nyumba na magari yasiyo yako, usipokuwa na idhini. Ploti zetu za Gitothua ni futi 50 kwa 100. Hizo ni mita 15 kwa 30! Simama katikati ya ploti yako, pima mita 50 kila upande, uone ni majirani wangapi wamo ndani. Kwa maneno mengine, unanunua chombo ambacho huwezi kukirusha kutoka mlangoni pako. Viwanja vikubwa vya ndege viko mbali nasi, sawa, lakini Gereza la Ruiru liko hapa hapa, kambi ya jeshi ya Kahawa iko njiani kwenda mjini, na juu ya sehemu kama hizo usijaribu hata kwa utani. Wengi hupuuza, najua. Ninawaona juu ya Thika Road saa za msongamano. Nami naudhika, kwa sababu siku moja itaanguka juu ya kioo cha matatu, na watakaonyimwa vibali ni sisi tuliopanga foleni.

Kwa hiyo katika bajeti yako weka pia nauli, na mazungumzo. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye kahawa upande wa nje ya mji, nikamwonyesha droni ikiwa imezimwa, nikamweleza itafanya nini. Akaniuliza kama inaweza kumwonyesha ni wapi miche yake inakauka. Nikamwambia tujaribu. Kamera ya kawaida haioni ugonjwa wa mmea, lakini kutoka juu mita 40 tuliona wazi mistari miwili yenye rangi ya kahawia, na akakumbuka bomba lililopasuka pale mwezi uliopita. Tangu siku hiyo nina uwanja. Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka, yeyote mwenye droni iliyosajiliwa naye anaweza kuja. Aje na betri zimejaa, na mkate wa mzee.