Mwaka Unaosubiri Shayiri

Wenzangu wa ualimu, hivi tutafundisha kalenda kama orodha ya kukariri mpaka lini? Miezi 12, siku zake, mtihani, basi. Angalieni Wayahudi walivyoifanya yao.

Miezi yao hufuata mwandamo, kama ya Waislamu. Mwaka wa namna hiyo una siku 354 hivi, ndiyo maana Ramadhani huhama, mara kiangazi, mara masika. Pasaka yao haikuweza kuachwa ihame, kwa sababu Torati inaiweka katika mwezi wa Abibu, shayiri inapotoa masuke. Basi zamani wazee wa baraza waliuliza: shayiri imefikia wapi? Matunda ya miti je? Kama bado, mwaka uliongezewa mwezi mzima. Leo ni hesabu tu, miezi 7 ya ziada kila miaka 19, lakini asili yake ni mtu kuinama shambani kutazama suke. Aisee, taifa zima linasubiri shayiri!

Na machipuko yao siyo yale ya vitabu vyetu vya Kiingereza, ya theluji kuyeyuka. Kule majira ya baridi ndiyo majira ya mvua. Mlozi huchanua mapema, karibu na Tu BiShvat, mwaka mpya wa miti, Januari au Februari. Kisha maua mekundu ya porini hutanda kaskazini mwa Negev. Waisraeli huyaita kalaniyot. Wapalestina, ambao nao wanayapenda, huyaita shaqaiq an-nu'man. (Najua kutaja nchi hiyo siku hizi kunawasha moto kantini. Mjadala huo ni halali, ila leo niko kwenye maua.) Pasaka ikifika, masinagogi mengi husoma Wimbo Ulio Bora, shairi la mapenzi linalosifu mvua kwisha na maua kutokea. Yaani shairi limepewa tarehe yake, na msikilizaji akitoka nje anayaona maua yenyewe.

Sisi je? Mtoto wa darasa la nne anaweza kukutajia majira manne ya Ulaya bila kujikwaa, halafu umuulize mjakaranda wa shuleni huchanua mwezi gani, kimya. Wakati tuna mti ambao wananchi wenyewe wameuita mkrismasi, kwa sababu unawaka mwekundu Desemba! Hiyo ni kalenda, tena haihitaji chaki.

Mimi kwenye mazoezi ya kufundisha nitawatoa nje, kila mmoja na mti wake, waandike tarehe ua la kwanza linapofunguka na beti mbili za kulipokea. Najua andalio la somo halina kisanduku cha hilo. Nitakichora.