Walemavu na vyumba vya melini



Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu meli za kitalii. Nyingi hupeperusha bendera za nchi kama Bahamas na Panama, ingawa abiria wengi ni Wamarekani. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya walemavu ya mwaka 1990 inazihusu pia meli hizo zikiwa katika maji ya nchi hiyo. Walioshtaki walisafiri kutoka Houston. Walilalamika kwamba walitozwa zaidi kwa vyumba vinavyowafaa, na kwamba mipango ya kuokoa abiria haikuwajali. Hili la pili ni kuchezea roho za watu!

Lakini hukumu haipanui mlango. Mwenye kiti cha magurudumu adai vipimo vya mlango kwa maandishi, na aulize kama bafuni kuna kizingiti, kabla hajalipa nauli.

Msomaji,
Tanga.