Meli Charlesville na Sanduku la Shule Yetu

Majuma machache yaliyopita tuliwatuma wanafunzi wetu wa hapa Kaniama wafagie ghala ya shule. Nyuma ya madawati yaliyovunjika walikuta sanduku kubwa la mbao, limejaa vipande vya chaki na madaftari yaliyoliwa na mchwa. Mpishi wa shule alifurahi kuliona, maana kuni zilikuwa chache siku zile, akaomba alipasue. Shoka lilikuwa tayari mkononi. Ndipo mtoto mmoja alipopangusa vumbi kwa kiganja chake, akasoma herufi nyeusi zilizopigwa kwa rangi: ANVERS – MATADI – KANIAMA. Akageuka, akauliza, «Mwalimu, Anvers ni kijiji gani?»

Tulimjibu kwamba si kijiji, bali ni mji wa bandari katika Ubelgiji, na wenyeji wake wengi huuita Antwerpen. Lakini swali huzaa swali. Mwingine akataka kujua jinsi sanduku zito namna ile lilivyovuka bahari likafika huku kwetu kwenye nyasi, mahali ambapo wengi wetu hatujaiona bahari hata siku moja. Basi tukamwomba mpishi angoje kidogo. Leo twawajibu watoto wale mbele yenu nyote.

Tuanze njia kwa miguu yetu wenyewe, pale stesheni. Reli ipitayo Kaniama ni ile iliyounganisha Bukama na Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui zamani hizo. Ilifunguliwa mwaka 1928, na urefu wake wapita kilometa 1,100. Huko Ilebo mizigo ilishushwa ikaingizwa katika mashua za mto Kasai, ikateremka kama kilometa 800 mpaka Kinshasa. Kutoka Kinshasa mashua haiwezi kwenda mbele, kwa sababu mto Kongo waanguka juu ya miamba, poromoko baada ya poromoko. Kwa hiyo mizigo ikapanda tena gari la moshi, katika reli ya kilometa 366 iliyomalizika mwaka 1898, hata ikafika Matadi. Hapo ndipo meli za bahari zilipongoja. Shaba ya Katanga ilipita stesheni yetu ikienda huko, na vitu vya Ulaya vilikuja kwa njia iyo hiyo vikirudi. Sanduku letu ni mmoja wa wasafiri hao.

Meli za kwanza za Wabelgiji katika njia ya Antwerpen na Matadi zilianza mwaka 1895. Kwa desturi zilipewa majina ya miji ya Kongo, nayo ni majina ambayo wazee wetu wayajua vizuri: Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo; Elisabethville, ndiyo Lubumbashi; Albertville, ndiyo Kalemie; Baudouinville, ndiyo Moba. Meli moja ikizeeka au ikizama, nyingine ilichukua jina lake. Vita viwili vya dunia vilizila nyingi. Mojawapo, Leopoldville ya mwaka 1929, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na Cherbourg katika Ufaransa, usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka 1944. Ilikuwa imejaa askari wa Marekani, na zaidi ya 700 kati yao walikufa katika maji ya baridi.

Vita vilipokwisha, Wabelgiji waliunda meli mpya tano zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja, katika karakana ya Cockerill huko Hoboken, kando ya Antwerpen. Kitindamimba wao aliitwa Charlesville. Jina hilo nalo ni la kwetu: Charlesville ulikuwa mji mdogo kwenye mto Kasai, ambao leo waitwa Djokupunda. Meli hiyo iliteremshwa majini mwaka 1950, ikaanza kazi mwaka 1951.

Mafundi walioichora hawakuwa na uhuru wa kufanya lo lote walilotaka, kwa sababu mto wetu ndio uliowapa amri. Matadi haiko baharini. Iko ndani ya nchi, karibu kilometa 150 kutoka mlango wa mto. Chini ya Boma mto wapanuka ukagawanyika katikati ya mafungu ya mchanga, nayo mafungu hayo huhamahama, hata njia ya mwaka jana si njia ya mwaka huu. Karibu na Matadi penyewe maji yapinda kwa nguvu na kuzunguka, mahali ambapo mabaharia wa kale walipaita chungu cha jehanamu. Meli kubwa mno, yenye tumbo la kuzama sana, ingekwama mchangani. Meli dhaifu ingeshindwa na mkondo. Kwa hiyo Charlesville ilifanywa ya kadiri: urefu karibu mita 154, ukubwa karibu tani 11,000, na injini ya mafuta yenye nguvu ya kuisukuma kama kilometa 30 kwa saa. Vyumba vya abiria wapatao mia mbili vilipangwa katikati. Mbele na nyuma zilikuwa ghala za mizigo, pamoja na vyombo vya kunyanyulia, kwa maana meli hii ilipaswa kula kwa mikono miwili: kwa watu na kwa mizigo. Safari ya Antwerpen mpaka Matadi ilichukua kama majuma mawili.

Walisafiri nani? Walisafiri maofisa wa serikali ya kikoloni na wake zao na watoto wao, wafanyakazi wa makampuni ya migodi, waganga, na wafanyabiashara. Walisafiri pia mapadre na masista waliokuja kufundisha na kutibu. Wengi wa wale waliotufundisha baba zetu kusoma waliiona Afrika mara ya kwanza wakiwa wamesimama kwenye sitaha ya meli ya namna hii. Waafrika je? Mwafrika aliyekuwamo alikuwa baharia, au mtumishi, au mmoja wa wachache sana waliopata ruhusa ya kwenda Ulaya. Mabaharia wa Kongo waliandikwa kazi Matadi. Walipaka rangi, walifua nguo, walipakia na kupakua, na mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko ule wa Wabelgiji waliofanya kazi pamoja nao. Basi meli ilibeba majina yetu ubavuni na shaba yetu tumboni, lakini vitandani mwake walilala wengine.

Twaandika haya bila chuki. Meli ni mbao na chuma. Haichagui abiria wake. Lakini si vema kuwaeleza watoto uzuri wa chombo tukanyamaza juu ya jambo hilo.

Sasa tusikie habari za kupungua kwake. Adui wa meli hakutoka majini, alitoka angani. Miaka ile ya 1950 ndege zilizidi kuwa nyingi, na safari ya majuma mawili ikawa safari ya siku moja au mbili, kisha saa chache. Halafu tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru wake, na katika majuma ya machafuko yaliyofuata Wabelgiji wengi waliondoka upesi. Abiria waliozijaza meli hizo wakawa hawapo tena. Mwaka 1961 meli mbili mpya na kubwa kupita zote, Jadotville iliyoanza kazi mwaka 1956 na Baudouinville mpya ya mwaka 1957, ziliuzwa kwa Waingereza. Zilikuwa bado changa, ndiyo kwanza rangi imekauka. Charlesville iliendelea kidogo, ikauzwa nayo mwaka 1967.

Msidhani kwamba hayo yalizipata meli za Kongo peke yake. Waitalia, mafundi hodari wa meli za abiria, walimaliza mwaka 1965 meli mbili za fahari, Michelangelo na Raffaello, kila moja ikiwa na ukubwa wa karibu mara nne ya Charlesville, ili zivuke kwenda New York. Ndege ilikuwa imekwisha kushinda kabla hazijaanza. Baada ya miaka kumi tu ziliondolewa kazini, zikauzwa kwa Iran ziwe nyumba za askari. Raffaello ilizama mwaka 1983 wakati wa vita vya Iran na Irak, na Michelangelo ilivunjwa Pakistan mwaka 1991. Waweza kuunda chombo bila kosa hata moja, lakini kama watu wamekwisha kuchagua njia nyingine, uzuri wake hautakiokoa.

Charlesville ilinunuliwa na Ujerumani ya Mashariki, iliyokuwa nchi ya kikomunisti wakati ule. Waliibatiza upya kwa jina la Georg Büchner, mwandishi kijana wa Kijerumani aliyewatetea wakulima maskini, akafa mwaka 1837 akiwa na umri wa miaka 23. Meli ikawa shule: vijana walijifunza ndani yake kazi ya ubaharia, huku ikibeba mizigo kwenda nchi za mbali. Mwaka 1977 iliacha safari, ikafungwa kamba katika bandari ya Rostock, ikaendelea kuwa shule pasipo kutembea. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, mambo yakabadilika tena, na kutoka mwaka 1991 ikawa nyumba ya wageni, ambamo vijana walilala kwa bei nafuu.

Hivyo ilikaa miaka zaidi ya ishirini, ikila kutu polepole. Kwa muda iliwekwa katika orodha ya vitu vya kale vinavyolindwa na sheria, kisha ikatolewa. Wabelgiji wenye kuzipenda meli za zamani walijaribu kuiokoa, maana kati ya zile ndugu tano hiyo peke yake ndiyo iliyobaki, hawakufanikiwa. Iliuzwa. Mwishoni mwa Mei 2013 ilivutwa na meli ndogo kutoka Rostock kuelekea Klaipėda, Lithuania. Haikufika. Tarehe 30 Mei 2013 iliingia maji, ikazama karibu na pwani ya Poland. Hakuna mtu aliyekufa, kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani yake. Jina la mji mdogo wa Kasai lilikuwa limefutwa ubavuni mwake miaka mingi kabla.

Tulipokuwa tukiyasoma mabishano juu ya meli hiyo tulisikia sauti za Wajerumani na sauti za Wabelgiji. Sauti ya kwetu hatukuisikia. Twajiuliza kwa nini. Je, ni kwa sababu meli haikuwa yetu? Lakini nani alilipa gharama ya chuma kile kama si shaba na mafuta ya mawese na jasho la nchi hii? Au ni kwa sababu hatukuwa tumeandika lo lote juu yake, wala tulichokifanya sisi wenyewe katika njia ile ndefu?

Siku chache baada ya kuliona sanduku, tulimwalika mzee mmoja wa hapa Kaniama, mwenye miaka zaidi ya themanini, ambaye katika ujana wake alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni. Wanafunzi walimpa kiti. Hakukaa upesi; kwanza aliweka mkono wake juu ya sanduku, akalizunguka lote kama mtu akaguaye ng'ombe. Kisha alisema, «Haya tuliyabeba watu sita. Hatukuambiwa yametoka wapi. Tuliambiwa tu: msiangushe.» Akawaeleza watoto nyimbo za wachukuzi, na vidole vilivyobanwa, na magari ya shaba yaliyopita usiku mlima ukitetemeka. Walimsikiliza hata kengele ya adhuhuri ilipolia, wala hapana aliyeinuka.

Wapenzi wasomaji, wazee wa namna hii wapo katika kila parokia kando ya reli yetu, kutoka Kamina hata Kananga. Wengine walipakia mashua huko Ilebo. Wengine waliwapikia wasafiri. Nao ni kama ile meli bandarini: wamefungwa kamba, wametulia, twapita mbele yao kila siku, na siku moja twaambiwa wamekwenda. Meli iliyozama yaweza kupigwa picha na wapiga mbizi. Mzee aliyezikwa na habari zake hapigwi picha na mtu.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi jambo dogo. Likizo hii mtakapokwenda nyumbani, chukueni daftari moja na kalamu. Mwulizeni babu, au jirani yake, alifanya kazi gani ujanani, mwaka gani, kwa mshahara gani, pamoja na nani. Andikeni kama anavyosema, bila kupamba. Msione haya kuuliza mara mbili.

Na sanduku? Mpishi hakulipasua. Tulimpa yale madawati yaliyovunjika, akaridhika, na maharagwe yaliiva. Sanduku limesafishwa, limewekwa kwenye kona ya darasa, herufi zake zikitazama mlango. Madaftari ya kwanza yamo ndani tayari, saba kwa hesabu yetu. Bado lina nafasi kubwa.